Mama anakataa morfini, anasema hata Yesu alikataa

Binti wa Tukuyu
Shikamooni wakubwa. Namuuguza mama hapa Tukuyu, saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali wameturudisha nyumbani na chupa ya morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, anywe kila baada ya saa nne. Hanywi. Usiku anauma pindo la khanga ili wajukuu wasisikie, ila mimi nalala naye chumba kimoja. Nikimsogezea dawa ananijibu kwa Maandiko: Bwana pale Golgotha alipewa divai yenye manemane ya kumtuliza maumivu, akaikataa. Mama kafundisha shule ya Jumapili miaka na miaka, kwa mistari simuwezi. Kaka naye kakodi Hiace, Jumamosi apelekwe kwenye maombi Mbeya mjini. Kona zile na mgongo ule! Nifanyeje?

Mzee wa Kanisa
Pole mwanangu. Msomee Mithali 31:6, anayekaribia kufa apewe kileo. Na kuhusu maombi, Yakobo kaandika wazee waitwe waje kwa mgonjwa. Hakuandika mgonjwa apakiwe kwenye gari.

Muuguzi Makete
Dada, weka mistari pembeni kwanza. Muulize anaogopa nini. Wengi huku jirani yao alianzishiwa morfini akafa kesho yake, basi wakaiita dawa ya kuzikia. Aliyemuua ni ugonjwa, dawa ilichelewa tu. Usingizi utamsumbua siku chache za mwanzo, kisha unapungua. Choo kigumu ndicho hakiondoki, kwa hiyo omba na dawa ya kulainisha choo, usingoje akwame. Maumivu yakizidi usiongeze dozi kwa kukisia, wapigie waliompa.

Binti wa Tukuyu
Nimemuuliza. Kifo wala hakiogopi. Anaogopa usingizi usimpitishe sala yake ya saa kumi na moja alfajiri. Ana daftari la majina ya watu anaowaombea, na wengine humo nawajua, walimtenda vibaya. Tumekubaliana asali kwanza, ndipo anywe. Leo kaiombea chupa, kameza, kakunja uso: "Mbona chungu hivi! Ndiyo maana Bwana aliikataa." Kalala hadi saa tatu, khanga iko begani. Dozi za usiku bado tunavutana. Kaka hajaghairi Hiace. Mzee, nimekuandikia inboksi, kama mnaweza kufika Ijumaa.