Nakatwa fungu langu na la mwajiri, na saa za usiku silipwi. Nifanyeje?

NyarNyamasaria

Hamjambo nyote. Naomba ushauri kabla mwezi haujaisha, kwa sababu mdosi ametuitia kikao na sitaki kwenda mikono mitupu.

Mimi ni mbunifu wa michoro katika duka la uchapishaji hapa Kisumu mjini. Tunachapisha mabango, vitabu vya risiti na kadi za harusi, lakini riziki yetu hasa ni vijitabu vya mazishi. Wa huku mnajua mambo yalivyo. Mazishi ni Jumamosi, familia inaleta picha na wasifu wa marehemu Alhamisi jioni, wengine hata Ijumaa jua likizama. Picha imepigwa simu juu ya picha ya zamani ya ukutani, wasifu umeandikwa kwa mkono, na orodha ya wajukuu inabadilishwa tena na tena kwa sababu kuna aliyeachwa. Huwezi kumwambia mjane arudi Jumatatu.

Kwa hiyo Jumatatu hadi Jumatano nafanya kazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Alhamisi na Ijumaa natoka saa nne usiku. Jumamosi ni saa mbili hadi saa tisa. Mapumziko ya chakula cha mchana huchukua saa moja, isipokuwa Jumamosi ambayo hatupumziki. Matatu za kwetu usiku huo ni za kubahatisha, napanda boda kwa pesa yangu. Saa za ziada sijawahi kulipwa hata senti.

Hilo nilikuwa nimelinyamazia. Kilichonichoma ni slipu ya mshahara. Mshahara wangu ni 38,000. Makato yameandikwa hivi: NSSF (mfuko wa pensheni) 4,560, tozo ya nyumba 1,140, SHIF (bima ya afya ya serikali) 1,045, PAYE (ushuru wa mshahara) 2,615. Nabaki na 28,640. Nikamuuliza mhasibu mbona NSSF na nyumba ni kubwa hivyo, akasema ni agizo la mdosi: ushuru umepanda kwa kila mtu, kwa hiyo wafanyakazi wabebe mafungu yote mawili, lao na la mwajiri, na duka libebe kodi ya jengo na stima. Mdosi mwenyewe alituambia, "Serikali imetutwika sote, lazima tugawane mzigo." Na kwamba zile saa za usiku ndizo mchango wetu ili asimfute mtu kazi.

Mimi si mtu wa kukataa kazi, na familia zile nazihurumia kwa dhati. Lakini nikitazama, ni mimi ninayelipa kwa pesa na kwa usingizi. Je, ana haki? Na nikisema, nisemeje nisifukuzwe?

BodaWaKondele

Pole sana dada. Ushauri wangu ni mfupi: kazi hazipatikani. Vumilia huku ukitafuta kwingine.

KaraniMstaafu

Binti yangu, nimeandaa mishahara miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

NSSF ni asilimia 6 kwako na asilimia 6 kwa mwajiri. Sita ya 38,000 ni 2,280. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5 kwako na 1.5 kwake, yaani 570 kila upande. SHIF ndiyo peke yake isiyo na fungu la mwajiri: 2.75 ya mshahara wako ni 1,045, hapo wamekata sawa. PAYE nayo nimeipiga upya. Tangu mwisho wa Desemba 2024, SHIF na tozo ya nyumba hutolewa kwanza, pamoja na NSSF, ndipo ushuru upigwe. Kinachobaki ni 34,105, ushuru wake ukiondoa nafuu ya ushuru ya kila mwezi ya 2,400 ni 2,615. Sawa pia.

Kwa hiyo kilichozidi ni 2,280 ya NSSF na 570 ya nyumba. Jumla 2,850 kila mwezi. Ulipaswa kupeleka nyumbani 31,490. Sheria ya nyumba ya 2024 na ile ya NSSF ya 2013 zimemwekea mwajiri fungu lake alitoe yeye, juu ya mshahara wako. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataja makato yanayoruhusiwa, na deni la mwajiri kwa serikali halimo. Makubaliano ya mdomo kwenye kikao hayawezi kuihalalisha hiyo.

Fanya jambo moja leo. Fungua akaunti yako ya NSSF mtandaoni utazame taarifa ya michango. Ukiona 4,560 imeingia, nusu yake itakuwa imeandikwa kama ya mwajiri ilhali imetoka kwako. Ukiona 2,280 tu, basi kuna pesa imekatwa na haikufika, na hilo ni zito zaidi. Chapisha ukurasa huo uuweke pamoja na slipu zako.

Sasa saa. Agizo la jumla la mishahara linasema wiki ya kawaida ni saa 52 katika siku sita. Zako nimezihesabu: 27 za siku tatu za mwanzo, 26 za Alhamisi na Ijumaa, 7 za Jumamosi. Ni 60. Saa 8 kila wiki ni ovataimu. Hesabu yake ni mshahara wa mwezi kugawanywa kwa 225, unapata kama 169 kwa saa, halafu mara moja na nusu, kama 253. Mara nane ni kama 2,027 kwa wiki. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko au sikukuu ya taifa, ni mara mbili. Tena agizo hilo limeweka mwisho: saa zote pamoja na ovataimu zisipite 116 katika wiki mbili. Wewe unafanya 120. Hata angekulipa, amepita mpaka.

FundiChumaKibuye

Mimi nimeajiri watu wanne, nataka mdosi naye asikilizwe kidogo kabla hatujamsulubisha.

Hadi mwanzoni mwa 2023 NSSF ilikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwangu. Leo kwa mtu wa 38,000 natoa 2,280. Juu yake tozo ya nyumba. Ushuru wa mauzo nao ulikuwa asilimia 1, Julai 2023 ukawa asilimia 3, na ni wa mauzo, si wa faida. Mwezi nikiuza 400,000 nalipa 12,000 hata kama mashine iliungua na nikaitengeneza kwa deni. Mteja mkubwa anachukua milango na madirisha, analipa baada ya miezi. Nikisema nimebanwa sisingizii.

Lakini dada, fungu langu la NSSF sijawahi kulikata kwa fundi. Nilichofanya ni kupandisha bei kidogo na kuacha kuandika kijana wa tano. Ukweli mchungu ni kwamba gharama ile ni yangu kwa sababu duka ni langu. Siku biashara ikinona, sitagawana faida nao kwa kipimo kile kile, basi siwezi kuwagawia hasara peke yake.

Hao wa mazishi wanaokuja Ijumaa usiku, mdosi awatoze ada ya dharura. Familia ikiambiwa mapema kwamba baada ya saa kumi na moja jioni bei inaongezeka, wengi wataleta picha Jumatano. Hapo ndipo pesa ya ovataimu inapatikana.

MwalimuWaLuanda

Hoja ya fundi kuhusu ada ni nzuri. Ila nataka kusema kitu kuhusu hili neno la kugawana mzigo, maana linanikera. Mwenye mshahara ushuru wake hukatwa kabla hajaugusa. Hana mahali pa kuficha wala mwezi wa kuruka. Halafu anaingia dukani analipa VAT ya asilimia 16, anapanda matatu ambayo mafuta yake yalipandishiwa VAT Julai 2023 kutoka asilimia 8 hadi 16. Juni 2024 vijana walijaa barabarani, Kisumu pia, hadi Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza ushuru ukaondolewa, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa hii. Sasa mwajiri naye anapokuja kumkata mfanyakazi mara ya pili kwa jina la mzigo wa sote, anamtwika aliyebeba tayari. Serikali ikikosea, jibu si kumkosea aliye chini yako.

BodaWaKondele

Mwalimu, hayo yote ni kweli, lakini hayamlipii dada kodi ya nyumba akifutwa.

Aliyepitia_Nakuru

Akifutwa kwa kulalamika, sheria iko upande wake: kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu. Lakini nakubali, sheria haipiki ugali wiki hiyo, kwa hiyo ajipange.

Mimi nilidai ovataimu nikiwa Nakuru, katika ghala moja. Shida haikuwa sheria, ilikuwa ushahidi. Mwajiri alisema, "Leta saa zako." Hatukuwa na kitabu cha kusaini. Kilichoniokoa ni ujumbe wa M-Pesa wa kumlipa boda saa nne na saa tano usiku, wiki baada ya wiki, na jumbe za kundi la WhatsApp ambako meneja alikuwa akituamrisha tusitoke. Dada, wewe una zaidi ya hapo: kila faili la kijitabu lina saa lilipohifadhiwa mara ya mwisho. Usiyahamishe mafaili ya wateja, hiyo itakuletea kesi nyingine. Andika tu jina la kazi, tarehe na saa kwenye daftari lako la nyumbani.

Nilienda Ofisi ya Leba na barua yangu na vithibitisho, bila wakili wala kulipa chochote. Walimwita mwajiri, tukakaa chini. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka, na sikupata zote, lakini nililipwa. Usichelewe: madai ya kazi yana kikomo cha miaka mitatu.

NyarNyamasaria

Asanteni sana, sikutarajia majibu ya uzito huu. Nimeangalia NSSF. Kila mwezi imeingia 4,560, nusu imeandikwa ya mwajiri. Kwa hiyo pesa inafika, ila yote ni yangu.

Mzee Karani, mkataba wangu unasema saa ni "kadiri kazi itakavyohitaji". Hiyo si itaniziba mdomo? Na kuna kijana wa mashine ya kukatia karatasi, analipwa kwa siku, yuko hapo muda mrefu kuliko hata mimi, hana NSSF wala SHIF. Yeye anaogopa kabisa.

KaraniMstaafu

Haikuzibi. Mkataba unaweza kukupa zaidi ya sheria, hauwezi kukupa chini yake. Mwajiri pia ndiye anayetakiwa kutunza kumbukumbu za kazi.

Kikaoni usianze na ovataimu. Anza na 2,850, kwa sababu iko kwenye karatasi yake mwenyewe na haina ubishi. Omba kwa upole iache kukatwa kuanzia mwezi huu, na iliyokatwa irudishwe, hata kidogo kidogo. Kisha peleka wazo la fundi la ada ya Ijumaa, mwonyeshe litakavyolipia zile saa nane. Mkitoka, mwandikie barua pepe kueleza mliyokubaliana, ili kuwe na tarehe. Akikataa, Ofisi ya Leba. Na kama mko kadhaa, nendeni pamoja. Wachapishaji wana chama chao cha wafanyakazi pia.

Huyo kijana mwambie hivi: kibarua akishafanya kazi mfululizo siku zinazotimiza mwezi mmoja, sheria haimhesabu tena kuwa kibarua wa siku. Ana haki ya mapumziko ya kila wiki na likizo kama wewe, na mwajiri anapaswa kumwandikisha. Asiende peke yake. Naye pia aanze daftari, aandike siku na pesa aliyopewa, hata kwa penseli.