Kwotabeki anazama, nani abadilike: yeye au kocha?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi maana jana limeniharibia chakula cha mchana kazini. Najua wengi hapa ni watu wa Simba na Yanga, ila tupo na sisi tuliotupwa huku Illinois tukaishia kuupenda huu mpira wao wa yai wa ligi ya NFL, na ukishakaa huku miaka mitatu halafu mtu akakuuliza Bears, timu ya Chicago, wamefanyaje ukajibu sijui, anakuangalia kama umemtukana mama yake.

Hoja yenyewe ni hii. Timu ina kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi) kijana, anahangaika, pasi haziendi, anaangushwa hovyo. Je, kocha anayepanga muvu (mpango wa kila shambulizi) apunguze kitabu chake ampe kijana vitu anavyoviweza, au aendelee na mfumo wake na dogo apambane hukohuko mpaka aive? Jamaa niliyekuwa nabishana naye anasema dogo apambane. Mimi nasema kocha ndo abadilike, tena wiki hiyohiyo.

Kwa wasioufuatilia kidogo tu. Kwotabeki hachagui muvu mwenyewe, labda abadilishe dakika ya mwisho. Kocha anachagua akiwa pembeni, anamsomea kwa redio iliyo ndani ya helmeti, maneno marefu kama anwani ya posta, na ile saa inayohesabu kushuka kutoka 40 ikifika sekunde 15 redio inakata. Kuanzia hapo dogo yuko peke yake na majitu ya kilo 120 yanayomtaka. Kwa hiyo ukiona kwotabeki anachanganyikiwa jiulize kwanza alisomewa nini masikioni.

Kesi yangu ni kwotabeki Justin Fields. Bears walimfuata kwenye drafti ya 2021 (pale timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wa vyuo), wakapanda kutoka nafasi ya 20 hadi ya 11, wakawapa Giants mpaka chaguo lao la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata. Hela ya urithi hiyo. Mechi yake ya kwanza kuanza ikawa Septemba 26, 2021 ugenini Cleveland, kwa sababu kwotabeki mkubwa Andy Dalton alikuwa ameumia goti.

Mimi siku hiyo nilikuwa zamu, tumekaa chumba cha mapumziko hapo ghalani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Pembeni yangu yuko mzee mmoja wa Bukavu ambaye mpira huu hajui hata unahesabiwaje, anakula tu mihogo yake. Kadri mchezo unavyoenda akaacha kula. Akaniuliza, "Ule mtoto alikosea nini, mbona wanamupiga hivi?" Nikakosa jibu, na kusema ukweli mpaka leo sina jibu zuri kuliko kwamba kocha wake ndo alimpeleka pale apigwe.

Fields aliangushwa mara 9 mpira ukiwa mkononi. Myles Garrett wa Cleveland peke yake alihesabiwa 4.5, ile nusu ni ya mara moja waliyomwangusha wawili wakagawana. Pasi 6 zilifika kati ya 20, yadi 68, halafu ukitoa yadi 67 zilizopotea kwenye kuangushwa, timu nzima kwa pasi ilibaki na yadi 1. Yadi moja wakuu! Mtu mrefu akipiga hatua kwenda kufungua friji kashawazidi. Ukijumlisha na za kukimbia zikawa 47, na wakalala 26 kwa 6.

Sasa watu wakaanza oo dogo hajaiva, oo anashikilia mpira muda mrefu. Ni kweli alishikilia, lakini alishikilia kwa sababu muvu nyingi zilikuwa zinamtaka asubiri wapokeaji wafike mbali, na huku nyuma walinzi wake, Jason Peters mwenye miaka 39 na wenzake, wakiachwa mara kibao mmoja kwa mmoja na Garrett na mwenzake Jadeveon Clowney. Hapo hakuhitajiki profesa. Unambakiza taiti endi (mpokeaji mkubwa anayeweza pia kuzuia) azuie kwanza ndo aende zake. Unapiga pasi ya chapuchapu mpira utoke mkononi kabla jitu halijafika. Unamhamisha dogo akimbilie pembeni atupe akiwa anakimbia, maana miguu anayo na wote tuliiona chuoni Ohio State. Unajifanya unamkabidhi mkimbiaji ili difensi isite nusu sekunde. Hivyo vitu vyote vipo kwenye kila kitabu cha kocha yeyote NFL, hakuna cha kwenda kununua dukani.

Kocha wa Bears wakati ule, Matt Nagy, alitoka Kansas City kwa kocha Andy Reid, na mfumo aliokuja nao ni wa kulekule. Sio mfumo mbaya. Ila alikuwa kama fundi cherehani aliyekariri kipimo cha mteja mmoja, kila anayeingia dukani anashonewa suruali ileile, ikimbana anaambiwa punguza tumbo.

Wiki iliyofuata, Oktoba 3 dhidi ya Detroit Lions, kazi ya kuita muvu akaachiwa msaidizi wake Bill Lazor. Wakampa mpira mkimbiaji David Montgomery akimbie, akapata yadi 106 na tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja) 2, na kwa kuwa difensi ilikuwa imeshaanza kuogopa kukimbiwa, Fields akawa anajifanya anakabidhi halafu anatupa mbali. Alitupa pasi 17 tu, 11 zikafika, yadi 209, na mpokeaji Darnell Mooney peke yake akala yadi 125. Wakashinda 24 kwa 14. Najua mtasema ni Lions, na Lions wa mwaka ule walikuwa wabovu kweli, mechi 3 tu walishinda msimu mzima. Sawa. Lakini kutoka pasi za yadi 68 mpaka 209 ndani ya siku saba, huwezi kuniambia ni Lions tu.

Na msimu huohuo Philadelphia walifanya hivyohivyo kwa kwotabeki wao Jalen Hurts. Walianza kwa kumtupisha dogo mipira mingi, wakawa 2 kwa 5 (ushindi 2, kufungwa 5), mji mzima unataka atolewe. Oktoba 31 wakaenda Detroit (Lions tena, masikini) wakakimbia tu, yadi 236 za kukimbia, Hurts akatupa pasi 14 basi, 44 kwa 6. Kuanzia hapo wakawa timu ya kukimbia kuliko zote kwenye ligi, wakamaliza 9 kwa 8 na mchujo wakaingia. Mnajua alivyoishia Hurts: fainali ya Februari 2023 wakapoteza 38 kwa 35, ya Februari 2025 wakashinda 40 kwa 22 na yeye ndo mchezaji bora wa siku. Huyo ndo yule aliyekuwa "hawezi kutupa".

NYONGEZA, baada ya majibu yenu ya usiku:

Kuna mkuu kaandika kwamba hii ni kudekeza, kwamba ukimpunguzia mtoto hesabu kila akifeli hatafika kidato cha sita. Kanitajia Fields wa 2022, na hapo mkuu umenipiga pabaya kwa sababu hata mimi huwa nakuwaza huko. Baada ya kufungwa na Washington 12 kwa 7 siku ya Alhamisi, Bears, muvu zikiitwa sasa na Luke Getsy, walikuwa na siku kumi na moja za kujipanga, wakarudi na muvu za kumkimbiza Fields kwa makusudi, wakaenda kwa Patriots Jumatatu ya Oktoba 24 wakawapiga 33 kwa 14. Watu tukapiga kelele. Novemba 6 akakimbia yadi 178 dhidi ya Miami, rekodi ya kwotabeki kwenye msimu wa kawaida, alimpita Michael Vick wa 2002 aliyekuwa na 173. Na mechi ile wakafungwa 35 kwa 32. Novemba 20 Atlanta akaumia bega la kushoto. Akamaliza msimu na yadi 1,143 za miguu, na ile mechi ya Patriots ndo ilikuwa ushindi wao wa mwisho, zilizobaki 10 wakapigwa zote, 3 kwa 14. Mwaka uliofuata mwenyewe akasema anacheza kama roboti, na Machi 2024 akapelekwa Pittsburgh kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo ndio, nakubali nusu. Kumsaidia kijana sio sawa na kumficha. Philadelphia walitumia mbio kununua muda, halafu wakamletea mpokeaji A.J. Brown na wakamrudisha kwenye kutupa taratibu. Chicago walitumia miguu yake kama ndo jibu lenyewe. (Walimnunua mpokeaji Chase Claypool ndio, tusimwongelee.) Lakini mkuu, hata hapo kosa halikuwa kubadilika Oktoba, kosa ni kukaa palepale mpaka Januari wakati kila difensi ilishaangalia video.

Mwingine kaleta Tebow. Nilikuwa naomba asiletwe. Haya, Denver 2011, walianza 1 kwa 4, wakamweka kwotabeki Tim Tebow, wakamgeuzia mashambulizi yote kuwa ya kukimbia kama timu ya chuo. Novemba 13 kule Kansas City alifikisha pasi 2 kati ya 8, mbili tu, na wakashinda 17 kwa 10. Wakaingia mchujo, wakawatoa Steelers kwa pasi moja ya yadi 80 kwa Demaryius Thomas kwenye muda wa nyongeza, nyumba yetu wote tulikuwa tumesimama. Wiki iliyofuata Patriots wakawachapa 45 kwa 10, na ilipofika Machi Denver wakamchukua kwotabeki mkongwe Peyton Manning, Tebow akauzwa Jets. Hoja yako ni kwamba dari lilikuwa fupi. Ni kweli lilikuwa fupi. Ila niambie basi ulitaka kocha wao John Fox afanye nini Oktoba ile, ampe Tebow kitabu cha Manning? Wangeshinda mechi ngapi, mbili?

Wa tatu, huyu ndo naona ana hoja nzito kuliko wote, anasema mnabishania muvu wakati tatizo ni ukuta wa mbele, yaani walinzi wanaomkinga kwotabeki. Kanikumbusha Caleb Williams, kwotabeki wa Bears aliyekuja baada ya Fields. Novemba 2024 aliangushwa mara 9 na Patriots, wakafungwa 19 kwa 3, siku mbili baadaye Shane Waldron aliyekuwa anaita muvu akafukuzwa, Thomas Brown akashika kazi ya kuita muvu. Mpira ukaanza kutoka haraka kweli, wiki za mwanzo tuliona. Lakini msimu ulipoisha dogo alikuwa kaangushwa mara 68. Ndo maana Machi 2025 wakaleta walinzi watatu wa kati kwa mpigo, Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman, na kocha mpya Ben Johnson walishamchukua tangu Januari.

Sikatai mkuu. Ila ukuta unajengwa Machi, na mechi iko Jumapili hii. Hapo katikati unampa nini kijana? Jino bovu Panadol haiponyi, lakini usiku ule unalala. Hicho ndo nachokidai kwa kocha, kijana alale usiku ule, asizoee kukimbizwa, maana kijana akishaanza kuangalia miguu ya wanaomjia badala ya kuangalia wenzake walio wazi, hata umletee ukuta wa zege miaka miwili baadaye macho yanabaki chini. Hilo nimeliona kwa Fields kwa macho yangu, kuna Jumapili alikuwa anaruka na hakuna hata aliyemkaribia.

Yule mzee wa Bukavu kwa taarifa yenu sasa ana kofia ya Bears. Sheria bado hajui.

Anayemtetea Nagy aje, mlango wazi. Ila asije na tuzo yake ya kocha bora ya 2018, aniambie tu kwa nini Cleveland ile, baada ya dogo kushaangushwa mara tano, sita, bado aliendelea kumwacha babu wa miaka 39 mara kibao bila msaada.