Tupeane uzoefu: riwaya za mapenzi zimekufundisha nini kuhusu kuombana msamaha?

Mama wa Tabata
Habari za jioni wapendwa. Jana saa nane usiku nimemaliza riwaya moja, na badala ya kufurahi nikalala na hasira. Kijana kamdhalilisha binti mbele ya ndugu zake, kamsusa miezi minne, kisha karudi na gari lililofungwa utepe mwekundu. Binti analia kwa furaha, kitabu kimekwisha. Hakuna mahali kijana alipotamka alichokosea.

Nasoma hadithi za mapenzi tangu kidato cha pili na sioni haya kusema ndizo ninazozipenda kuliko vitabu vingine vyote. Mwisho mwema sina ugomvi nao. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kimeuweka katika maana yenyewe ya riwaya hizi: mapenzi yawe kiini cha kisa, na mwisho uridhishe na utie matumaini. Sawa kabisa. Ila waandishi wengi wa sasa, wa Kiingereza na hawa wetu wa simulizi za kwenye simu, wanatoka kwenye kosa wanaingia harusini. Mimi siku hizi nikishika riwaya natafuta sura ya msamaha. Ikiwa haipo, au ipo kwa mistari mitatu, siipendekezi kwa mtu.

Nina sababu. Mwaka 2015 mume wangu aliuza cherehani yangu bila kuniambia. Baada ya wiki akaniletea kitenge kizuri sana. Nilikipokea nikanyamaza, maana wanawake wote niliowasoma walikuwa wakipokea na kunyamaza. Kitenge kile mpaka leo hakijashonwa.

Karibuni, kila mtu na lake.

Msomaji wa Kisauni
Shoga, umenigusa pabaya. Mimi nilisoma shule ya bweni, na vitabu vyetu vilikuwa vya Mills & Boon. Kampuni hiyo ilianza London mwaka 1908, ikaja kununuliwa na Harlequin ya Kanada 1971, na sisi vilitufikia vimeshapita mikono mingi, tumevijalidi kwa gazeti matroni asijue. Kitabu kimoja wasichana watano, kwa hivyo tulikuwa tunakichana vipande. Unasoma chako, unabadilishana na mwenzio.

Mimi mara nyingi nilianza na kipande cha mwisho. Nilisoma mwanamume anapiga magoti kabla sijajua alifanya nini, na wakati mwingine vile vipande vya kati havikunifikia kabisa. Nilikua hivyo. Katika ndoa yangu ya kwanza nilisamehe mambo ambayo sikuwahi hata kuyauliza.

Muuguzi wa zamu
Naomba nipingane nawe kidogo, dada. Nikitoka zamu ya usiku, nimeshinda na wagonjwa na ndugu zao, sitaki kitabu kinipe tena mzigo wa kupima nani kakosa nini. Nataka tajiri, gari na utepe wake. Kinanipumzisha, na wala sijawahi kumtarajia mtu wa hivyo nyumbani kwangu.

Kinachoniumiza ni kingine. Nililipa shilingi 2,000 niingizwe kwenye kundi la WhatsApp la simulizi, tukafika sehemu ya 34, "itaendelea", na mtunzi hakurudi. Wale wawili walikuwa wamegombana hospitalini. Ni zaidi ya mwaka sasa na bado nawawaza.

Dereva wa Tunduma
Wakuu, naomba na mwanamume nichangie. Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na ukifika kuna foleni ya malori. Nasikiliza simulizi za sauti njia nzima.

Kuna sehemu jamaa alikwenda kwa baba mkwe, akakaa chini, akataja makosa yake moja moja, mkewe akisikia. Nilisimamisha gari Makambako. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili peke yake, mimi niko safarini. Nilituma hela nikaona nimemaliza. Siku ile nikampigia, nikamwambia sikupaswa kuchukua safari ile, nilijua tarehe zimekaribia, nikaenda kwa sababu ya posho. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mkazi wa Nairobi
Mama, nakuheshimu, lakini hiyo sura ya msamaha yaweza kukudanganya. Katika *It Ends with Us* ya Colleen Hoover ya mwaka 2016, Ryle, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Boston, anajua kuomba msamaha. Anasikitika kwa dhati, anamweleza mkewe Lily jeraha la utotoni, alivyomuua kaka yake kwa bunduki bila kukusudia. Msomaji anamhurumia. Na bado anampiga tena, mpaka Lily anaamua kumwacha.

Wengi wanalalamika kwamba kitabu kile hakikustahili kuuzwa kama hadithi ya mapenzi. Mimi nashukuru kiliuzwa hivyo, kwa kuwa nilikichukua nikitafuta mapenzi. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu na mtu wa aina hiyo, na maneno yake yalikuwa matamu kuliko ya Ryle. Kwa hiyo mimi siangalii sura ya msamaha. Naangalia ile inayofuata.

Mama wa Tabata
Mkazi wa Nairobi, pole sana, na nimekuelewa. Nimerudi kwenye rafu yangu, nimetoa vitabu vitatu nilivyokuwa nikivisifia kwa ajili ya msamaha wake. Katika viwili, baada ya msamaha ni harusi moja kwa moja, hatumwoni mtu akiishi alichoahidi. Cha tatu nakisoma upya leo.

Dereva, hebu nitajie ile simulizi na sehemu ni ya ngapi. Nataka mume wangu aisikilize nikiwa nimekaa naye.