Ushauri: Nina Jumapili moja tu ya kwenda kuona magofu ya Ayutthaya, Thailand. Nianzie wapi?

Dalali wa Sombetini

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi wa tisa, Mungu akipenda, nitakuwa Bangkok kwenye maonyesho ya vito. Safari zote za nyuma nimekuwa mtu wa Silom tu: asubuhi kwa wanunuzi, jioni hotelini, mzigo ukiisha narudi Arusha. Safari hii naongozana na mama watoto na ameshatoa sharti. Aliona picha mtandaoni, kichwa cha sanamu ya Buddha kimefumbatwa na mizizi ya mti mpaka umebaki uso peke yake. Anasema hata nisipouza jiwe hata moja, pale lazima afike. Nimeulizia nikaambiwa ni Ayutthaya, mji wa wafalme wa zamani, nje kidogo ya Bangkok.

Nafasi ni Jumapili moja tu. Inatosha? Nichukue gari la hoteli (bei waliyonitajia nilicheka) au kuna usafiri wa wananchi? Goti langu la kulia halitaki ngazi wala baiskeli. Halafu sisi ni Waislamu, mwenzangu anavaa hijabu. Sitaki tuwakwaze watu kwenye sehemu yao ya ibada, na sitaki tushinde na njaa.

Aliyefika anipe mwongozo. Natanguliza shukrani.

Kijiwe Nongwa

Nauli yote hiyo mkuu ukaangalie matofali yaliyobomoka? Si umpeleke shemeji Kilwa Kisiwani, magofu yapo na samaki wapo.

Dalali wa Sombetini

Kilwa tumeshaenda. Ndiko alikoambukizwa huu ugonjwa.

Mama Pratunam

Kaka, mimi nafuata nguo Bangkok miaka mingi na Ayutthaya nakwenda kila nikipata upenyo, kwa hiyo gari la hoteli achana nalo.

Panda treni. Ni kama kilomita 80 kwenda kaskazini, saa moja na nusu mpaka mbili. Daraja la tatu nauli yake ni baht chache (pesa ya Thailand), soda ya hotelini kwako ni ghali kuliko hiyo. Viti havina namba, madirisha wazi, feni zinazunguka juu, wachuuzi wanapita na vikapu vya chakula. Kuna viti vimeandikwa ni vya watawa. Hata ukivikuta vitupu usikae. Uliza mapema treni yako inaondokea wapi, kwa sababu tangu 2023 treni nyingi za mbali zimehamia stesheni mpya ya Krung Thep Aphiwat, ila baadhi za kawaida bado zinaanzia Hua Lamphong, ambayo kutoka Silom ni karibu. Ukikosa treni kuna Hiace kutoka kituo cha mabasi cha Mo Chit.

Stesheni ya Ayutthaya iko nje ya mji wa kale. Mji wenyewe ni kisiwa, umezungukwa na mito mitatu: Chao Phraya, Lopburi na Pa Sak. Ukishuka, nyoosha mbele mpaka mtoni, kuna kiboti kinavusha watu kwa sarafu chache.

Sasa, wengi wanaharibu siku kwa kutaka kuona kila gofu. Yako mengi mno, na ukifika la saba macho yanakuwa yameshachoka, hapo ndipo yanageuka matofali kama asemavyo Kijiwe. Ondokeni na treni ya alfajiri, muanze na Wat Mahathat (wat ni hekalu kwa Kithai) kabla mabasi ya watalii hayajafika. Kile kichwa kiko hapo. Mwambie mwenzio asitarajie kitu kirefu, kiko chini kabisa karibu na ardhi. Kuna maelekezo kwamba ukitaka kupiga picha uchuchumae, maana kwao si adabu kichwa chako kuwa juu ya cha Buddha. Goti lako livumilie hapo dakika moja.

Kutoka hapo Wat Ratchaburana ni kuvuka barabara tu. Halafu Wat Phra Si Sanphet, yenye minara mitatu mikubwa imejipanga mstari. Mchana ingieni makumbusho mpumzike na jua. Jioni kabisa malizieni Wat Chaiwatthanaram, ng'ambo ya mto upande wa magharibi. Hilo liache la mwisho hata ukibadilisha mengine yote, kwa sababu jua likianza kushuka yale matofali yanawaka rangi ya chungwa na mto uko miguuni pako. Utakuta wasichana wa Kithai wamekodi mavazi ya kale wanapigana picha, shemeji naye atataka, andaa hela.

Fundi Saa

Mimi ningesema baiskeli. Kisiwa ni tambarare kabisa na kukodi ni rahisi. Ukizunguka kwa bajaji inakupitisha mbio.

Mama Pratunam

Fundi Saa, mwenye uzi ameshasema goti. Na hujawahi kukimbizwa na mbwa wa pale wewe. Wako wengi kwenye magofu, mchana wamelala, jioni wanakuwa na nguvu.

Mwalimu Mstaafu

Kijiwe Nongwa amechokoza, ngoja nimjibu.

Hayo matofali yalikuwa mji mkuu wa Siam, jina la zamani la Thailand, kuanzia 1351 mpaka 1767. Miaka zaidi ya 400, wafalme zaidi ya 30. Mwezi wa nne wa 1767 majeshi ya Burma (Myanmar ya leo) yaliuvunja baada ya kuuzingira zaidi ya mwaka mzima, wakauchoma. Pale Wat Phra Si Sanphet, ambapo lilikuwa hekalu la ndani ya kasri la mfalme, palisimama sanamu ya Buddha ya mita 16 iliyofunikwa dhahabu. Waliiwashia moto dhahabu ikayeyuka wakaondoka nayo. Ile minara mitatu aliyoitaja Mama Pratunam ni makaburi: ndani yake yaliwekwa majivu ya wafalme.

Utaona safu kwa safu za masanamu yamekaa hayana vichwa. Watu huwa wanasema ni Waburma tu. Si kweli yote. Vingi vilikatwa na wezi miaka ya baadaye vikauzwa kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Na kuta nyingi hazikuanguka zenyewe: Bangkok ilipoanza kujengwa 1782, matofali ya Ayutthaya yalipakiwa kwenye mashua yakateremshwa mto Chao Phraya kwenda kujenga ngome ya mji mpya. Kwa hiyo mwenye uzi, sehemu ya Ayutthaya unaikuta Bangkok.

Na Kilwa inahusika. Wareno waliivamia Kilwa na Mombasa 1505. Miaka sita tu baadaye, 1511, wakaiteka bandari ya Malacca (Malaysia ya leo), na kutoka huko wakatuma mjumbe Ayutthaya kuomba urafiki. Ni watu wale wale, ila kwa mfalme wa Siam walibisha hodi. Baadaye wakapewa eneo lao kando ya mto, na Wajapani vilevile.

Kwa dalali wa vito, Wat Ratchaburana usiliruke. Mwaka 1424 mfalme alifariki, wanawe wawili wakubwa wakapigana juu ya tembo kugombea kiti, wote wawili wakafa. Mdogo wao wa tatu ndiye akatawala, akajenga hekalu pale ilipochomwa miili ya kaka zake. Chini ya mnara kulifichwa hazina, ikakaa salama hata Waburma hawakuiona. Wezi wakaifukua 1957. Baadhi ya mali ilipotea moja kwa moja, nyingine ilikamatwa, na idara ya sanaa ya serikali ikachimba ikakuta nyingine bado imo. Kilichobaki kiko makumbusho ya Chao Sam Phraya, mwendo mfupi kutoka hapo. Kuna upanga wa kifalme ala yake ya dhahabu, na kuna tembo mdogo wa dhahabu amepiga magoti, mwili mzima umepachikwa vito. Mwangalie vizuri yule tembo, utuambie hapa mawe yake unayaonaje.

Ngazi za kushuka kwenye chumba cha hazina ni nyembamba na kali. Mwache mama watoto ashuke, wewe subiri juu.

Kijiwe Nongwa

Mwalimu umenimaliza. Tembo wa vito sasa ungeanza naye mwanzoni.

Mtembezi Huru

Mimi nipo tofauti na wote. Ayutthaya imezungukwa na mji wa kisasa, unaangalia mnara huku nyuma kuna duka la simu. Nenda Sukhothai. Ni mji mkuu wa zamani zaidi, karne ya 13, uko ndani ya hifadhi yenye miti na mabwawa ya mayungiyungi, kimya kabisa.

Mama Pratunam

Sukhothai ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Bangkok. Mtu ana Jumapili moja. Wewe Mtembezi una likizo.

Mtembezi Huru

Sawa, kwa siku moja naondoa hoja. Ila akija tena.

Abu Nasri

Assalaam alaykum. Nijibie upande wa dini na tumbo.

Hijabu haina tatizo hata kidogo, tena shemeji yuko salama kuliko watalii wengine, kwa sababu kanuni ya pale ni mabega na magoti yafunikwe. Wewe ndiye uache kaptula nyumbani. Magofu mengi ni ya kutazama tu, hakuna anayekulazimisha chochote. Ila baadhi ni mahekalu hai, kwa mfano jengo la Phra Mongkhon Bophit jirani na ile minara mitatu, lenye sanamu kubwa ya shaba. Humo watu wanasali, unavua viatu, unanyamaza, na ukikaa chini usielekeze nyayo kwenye sanamu. Mwanamke asimguse mtawa, hata kumpa kitu mkononi. Usipande juu ya kuta. Na ule mchezo wa kusimama nyuma ya sanamu isiyo na kichwa ukaweka chako, tafadhali, unawaudhi sana. Mimi si mufti, lakini nilikwenda kama mtu anayesoma historia na sikuona kilichonigusa imani.

Chakula: Ayutthaya ina Waislamu wa siku nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 17 alifika mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, Sheikh Ahmad. Mfalme akampa usimamizi wa biashara ya bandari na uongozi wa Waislamu wa ufalme ule, na kaburi lake lipo hapo mjini mpaka leo, ndani ya eneo la chuo kikuu cha Rajabhat. Misikiti ipo, migahawa yenye alama ya halali ipo. Barabara ya U Thong, mkabala na hospitali, kuna safu ya vibanda vya roti sai mai, vingi ni vya Waislamu. Wanakupa vichapati vyembamba laini na kifuko cha sukari iliyovutwa nyuzi nyembamba kama nywele, rangi rangi. Unatandaza, unaweka nyuzi, unakunja. Ya ufuta ni tamu zaidi. Nunua mifuko miwili, mmoja hautafika Bangkok.

Angalizo moja. Tambi za mashua, zile za bakuli dogo lenye mchuzi mzito mweusi, wengi watakusifia. Mchuzi ule mara nyingi unatiwa damu. Pita mbali.

Dalali wa Sombetini

Sheikh, hilo la damu lingenikuta. Shukrani sana. Mwalimu, nikifika kwa tembo nitaleta ripoti. Je, mwezi wa tisa mvua?

Mama Pratunam

Mvua ipo, kwa kawaida inashuka mchana au jioni kwa kishindo kisha inakata. Mwezi wa tisa na wa kumi mto nao unajaa. Wat Chaiwatthanaram liko ukingoni kabisa, kwa hiyo kila msimu huwa wanainua ukuta wa kuzuia maji mbele yake. Mwaka 2011 mafuriko yalifunika karibu mji mzima. Siku mbili kabla hamjaenda, muulize mhudumu wa hotelini akuangalizie taarifa. Viatu vya ngozi acha, matope ya pale ni mabaya.

Dalali Mwenzio

Kaka nakujua kwa mawe kwa hiyo utacheka, lakini mwambie shemeji. Bangkok akitokea mtu nadhifu akawaambia hekalu limefungwa leo kwa sherehe, twende kwa bajaji baht 20 mkaone jingine, mwisho wa safari ni duka la vito. Kioo kinauzwa kama yakuti.

Dalali wa Sombetini

Natamani anikamate mimi. Nitamuuzia spineli ya Mahenge.

Msafiri wa Kadi

Hakuna aliyetaja kadi ya njano. Kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani, Thailand wanadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na shemeji ndiyo safari yake ya kwanza. Achanje angalau siku 10 kabla. Pia tangu Mei 2025 fomu ya kuingia inajazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure, ukikuta tovuti inadai pesa funga.

Dalali wa Sombetini

Kadi yangu ninayo, yake sikuwa nimeifikiria. Swali la mwisho, ameshaanza kusema anataka sanamu ndogo ya ukumbusho.

Mama Pratunam

Sanamu za Buddha, mpya au kuukuu, kuzitoa nchini kunahitaji kibali cha idara yao ya sanaa, na wanakagua. Mwelekeze kwenye tembo wa mbao, hao hawana kesi.

Bajaji ya kule ina pua ya mviringo, utaitambua. Patana kwa saa, siyo kwa kituo, na mwonyeshe dereva majina ya sehemu zote kwenye simu kabla hujapanda, Chaiwatthanaram ikiwemo. Ukiiongeza njiani bei inaanza upya.