Mtoto wa miaka 7 anajichafua, tumeambiwa operesheni. Naombeni ushauri

Mama Ngamiani: Habari za jioni wapendwa, niko Tanga. Mwanangu wa kiume ana miaka 7, choo kimekuwa shida tangu akiwa na 3, anakaa hata siku sita hajaenda, ukimgusa tumbo chini kushoto unasikia kitu kigumu kama gunzi. Sasa mwaka huu anavuja, chupi mara nne kwa siku, mwenyewe anasema mama sikusikia. Nilikuwa namchapa jamani, nilijua uvivu. Juzi nimekuta chupi kazifunga kwenye mfuko kaficha nyuma ya pipa la maji, niliishiwa nguvu nikakaa chini. Laktulosi, ile dawa ya kulainisha choo, tumetumia, mabomba ya kusafisha tumbo kapigwa, papai na ukwaju ndo usiseme. Daktari anasema kidole tumbo kinaweza kutumika kutengeneza kitundu karibu na kitovu, unapitishia maji ya kusafisha utumbo. Baba yake hataki kusikia. Kuna aliyepitia?

Binti Pangani: Pole shoga. Jaribu mafuta ya nyonyo asubuhi kabla hajala, wetu yalimsaidia.

Nesi wa Pwani: Nyonyo hapana dada, tumbo likishajaa hivyo utamuumiza bure. Mama Ngamiani, mtoto hasikii kweli. Choo kigumu kikikaa muda mrefu kinatanua njia mpaka inalegea, ile hamu ya kwenda inapotea, afu kile laini kinapita pembeni kinavuja. Usimchape tena. Kabla ya kisu nauliza, alipozaliwa kile choo cheusi cha kwanza kilitoka lini? Kikizidi saa 48 inabidi waangalie ugonjwa wa Hirschsprung, mwisho wa utumbo unakuwa hauna seli za neva, ni kama mtoto 1 kati ya 5,000. Wanakata kinyama kidogo kupima, ikiwa ndiyo basi operesheni ni nyingine kabisa, wanatoa kipande kibovu wanashusha kizima. Na dawa mlimpa muda gani? Wengi wanaacha choo kikilainika tu, wakati inatakiwa miezi, na mzigo wote utolewe kwanza.

Baba Wawili: Wangu anacho hicho kitundu mwaka wa pili. Ilianzia Uingereza 1990, daktari Malone. Jioni anakaa chooni, mrija mwembamba, maji ya chumvi, kama dakika 40 kamaliza, kesho shule mkavu. Ila sikufichi, kitundu kilitaka kuziba tukarudi hospitali mara mbili, na maji ni kila siku, usipojipanga usianze. Akipona kinaweza kufungwa, mwambie mzee hivyo.

Mama Ngamiani: Nesi umenishtua. Kazaliwa Ijumaa alfajiri, choo nakumbuka Jumapili usiku, mama mkwe ndo alimfuta. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Na laktulosi tulikuwa tunaacha chupa ikiisha. Jumatatu naenda kuomba rufaa ya Muhimbili wapime kwanza, baba yake kakubali kwa hilo. Mtoto nimemuomba radhi, kaniuliza na zile chupi hutamwambia mwalimu?