Naomba ushauri: ganda la mzinga kutoka Rufiji

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mpenzi tu wa historia ya vita, si msomi wala mwanajeshi. Kinachonikosesha usingizi ni ile manowari ya Wajerumani, Königsberg. Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi ilipomalizwa Julai 1915. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kuburutwa vitani nchi kavu. Mmoja ulifika mpaka Ziwa Tanganyika, ukawekwa kwenye meli tunayoiita leo Liemba! Mwingine niliugusa kwa mkono wangu Fort Jesus, Mombasa.

Sasa, mwezi jana huko Kibiti nilimkuta muuza vyuma chakavu ana ganda la shaba. Mdomo wake nimepima kwa rula, sentimita 10 na nusu. Kwenye kitako kuna herufi zilizofutika nusu, zimeliwa na kutu ya kijani. Anataka elfu themanini, na huenda kesho akalipeleka kuyeyushwa.

Nisaidieni: nitatambuaje kama kile kiwashio cha kitakoni (kinachowasha baruti) kimeshalipuka? Mke wangu kasema bomu haliingii ndani, na kwa hilo simlaumu. Pia, sheria ya mambo ya kale inaniruhusu kukaa nalo, au nianzie polisi? Na msinambie nilisugue kwa ndimu, alama zitapotea.