Naomba ushauri: simu isiyozidi laki nne, nichukue ipi?

Wakuu, habari za leo. Simu yangu imenichosha, jina la kampuni naliacha. Niliinunua Kariakoo mwaka jana kwa 350,000, na IMEI (namba ya utambulisho wa simu) niliituma 15090, namba ya kuhakiki simu, ikaonekana halali. Miezi saba tu sehemu ya kuchajia ikalegea: mpaka waya niuegemeze kwenye kikombe ndipo moto uingie. Muuzaji anasema waranti haihusu "uharibifu wa mtumiaji". Inauma, maana biashara yangu ya vitenge yote iko humo, oda na picha za wateja.

Sasa natafuta nyingine. Madukani kila mmoja anasifia yake kana kwamba ni wapinzani wakubwa, kumbe Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Nimebaki nawaza kati ya hizo, Samsung Galaxy A na Redmi. Kamera kali siihitaji sana. Nataka betri ya kutwa nzima, nafasi ya kuhifadhi GB 128, na vipuri ambavyo fundi wa mtaani anavipata.

Aliyetumia mojawapo zaidi ya miaka miwili, bado inadunda? Na hii ya zamani, nikimpa fundi abadilishe sehemu ya kuchajia, picha zangu zitabaki salama?